Oksidi ya grafini: iungwe na oksidi ya zinki au salfaidi ya kadimiamu?

Oksidi ya grafini ni utando mwembamba sana wa kaboni yenye oksijeni; hapa tunautafutia mwenzake wa kufyonza mwanga. Oksidi ya zinki ina pengo la nishati (nishati ndogo kabisa ya mwanga inayoweza kuamsha elektroni zake) la elektronivolti (eV) 3.3 hivi, kwa hiyo hufyonza urujuanimno tu, chini ya takriban nanomita 375. Salfaidi ya kadimiamu, yenye eV 2.4, hufika karibu nanomita 515. Mwanga wa buluu nao haiuachi. Hapo imeshinda waziwazi.

Ukiibandika yoyote kati yake kwenye oksidi ya grafini, mng'ao wake hufifia: elektroni zilizoamshwa na mwanga hukimbilia kwenye utando huo kabla hazijaungana tena na matundu yao, yaani nafasi zilizoziacha wazi. Kwa taa ni hasara. Kwa kuozesha rangi zilizochafua maji, ndicho kinachotafutwa.

Mimi ningechukua oksidi ya zinki. Kadimiamu ni sumu, na salfaidi yake humomonyoka ikimulikwa majini.