Nimenunua Toyota Crown, risiti ikaandikwa jina la mpwa wangu

Gari nitalifikia. Kwanza niacheni niseme ya yule kijana wa yadi, maana hadi leo nikimkumbuka chai hainipiti kooni.

Ilikuwa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Najua tu kaskazi ilikuwa imeshika na jua halina huruma. Mimi nauza leso Biashara Street, hapa Mombasa, tangu yule kijana hajazaliwa. Pesa za gari nimezikusanya korija kwa korija, sikumkopa mtu. Nikavaa buibui langu, nikamchukua mpwa wangu, mtoto wa dada, anayeendesha tuktuk Kongowea, anitazamie tairi na anichungulie chini ya boneti. Kazi yake ilikuwa hiyo, basi.

Tulipoingia, kijana wa mauzo akaja mbio na meno nje, akanipita kama nguzo ya stima, akampa mkono mpwa wangu. "Karibu, bosi." Bosi! Mtoto yuko na kandambili, na petroli ya tuktuk asubuhi ile kanikopa mimi. Mie nikaambiwa, "Mama, kaa pale kivulini utaletewa maji." Maji yenyewe mpaka leo yako njiani.

Nikiuliza mimi, anajibiwa yeye. Nimeuliza gari lilisajiliwa mwaka gani kule Japani, maana kwa sheria yetu likishapita miaka 8 haliingii nchini, na sikutaka kuuziwa karatasi zilizopikwa. Akamgeukia mpwa wangu: "Bosi, mwambie mama atulie." Nikauliza ufunguo wa pili uko wapi. Hapo ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mama, gari ni moja, funguo mbili za nini?" Wenzake wakacheka. Cheko lile nalisikia hadi sasa. Na ufunguo wenyewe si wa kwenda kuchongesha barabarani kwa fundi wa kufuli. Ni wa rimoti, gari lautambua lenyewe, ukipotea umekaa na tani nzima ya chuma usiyoweza kuiwasha.

Mtaniuliza, si ungetoka? Ningetoka. Shida ni kwamba nilikuwa nimeshaliona. Crown nyeupe, ule weupe wa lulu, na taji lake pale mbele. Ami yangu, baharia wa zamani, alinicheka: ati Wajapani wanayo Crown tangu 1955, na huko wameifanya gari la polisi na teksi. Nikamwambia sawa, hapa kwetu ni la muuza leso.

Nikatoa cheki ya benki. Jina langu juu yake kwa herufi kubwa, kipofu angeona. Baada ya muda kijana karudi na risiti na mkataba wa mauzo. Jina la nani? La mpwa wangu, na nambari ya kitambulisho chake. Mtoto alikuwa kakitoa kitambulisho akidhani ni cha kuandikwa kwenye daftari la geti! Jasho lilimtoka masikini, akawa hajui atazame wapi. Nikauliza, "Huyu ndiye mwenye cheki?" Nikajibiwa, "Si ni familia moja, mama? Mtarekebishana mbele kwa mbele."

Nikavua miwani. Nikaichana ile risiti vipande vinne, nikavipanga mezani kimoja kimoja, nikasimama pale pale mpaka ikachapwa nyingine. Na hiyo nayo jina la babangu likakosewa herufi, nikaichana pia. Mtu anachezea jina litakaloingia kwenye logibuku, halafu ananiambia familia moja! Ningekuwa napeleka jina la leso kiwandani wiki ile, ningemwandikia yeye peke yake, na lisingekuwa "Wema hauozi".

Haya, gari sasa.

Wallahi sikujua gari laweza kunyamaza hivi. Ni la haibridi, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme pamoja. Siku ya kwanza nimebonyeza kitufe, kimya, nikabonyeza tena, nikawa nimelizima mwenyewe. Marikiti nimemfuata nyuma mzee wa mkokoteni hatua ishirini, hana habari kama ana gari mgongoni. Kupiga honi nikaona haya. Kwenye foleni ya feri ndipo utamu ulipo: injini imezima, kiyoyozi chapuliza vile vile, nje watu wanachuruzika jasho. Mara injini yajiwasha yenyewe, yanguruma kidogo, yazima. Mara ya kwanza nilidhani jini. Kumbe ni betri kubwa inaongezwa chaji. Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari, kwa hiyo tundu lake la hewa halifai kuzibwa, na mimi nilikuwa nimesharundika korija tatu za leso nyuma bila kujua. Hayo sikuambiwa yadi. Labda aliambiwa bosi.

Halafu kuna yule mwanamke. Kila nikiwasha, sauti ya kike inatoka kwenye dashibodi, laini, ya adabu, Kijapani kitupu. Skrini nayo ni Kijapani, na lugha nyingine haina. Redio yao yaanzia 76 na yaishia 90. Baraka FM iko 95.5, kwa hivyo naendesha gari la kifahari na kusikiliza taarabu kwa simu. Wiki mbili nilidhani yule mama anaonya kitu kimeharibika. Nikarudi yadi kuuliza. Yule yule kijana, bila hata kuinuka kitini: "Mama, mtume kijana wako aje nimweleze."

Nilisema hapo hapo, na jamaa zangu wote nikawaambia: yadi ile msiikanyage, hata wakiwapa gari bure.

Lakini nisiwe mwongo. Nikitoka kwa hasira, kijana wa kuosha magari, suruali imelowa hadi magotini, alinifuata. "Shikamoo mama. Nimesikia ulichouliza." Akafungua mlango, akainama chini ya usukani, akanionyesha kisanduku kidogo chenye mwanya wa kadi. Japani huwekwa kadi hapo, ukipita kwenye barabara za kulipia pesa zajikata zenyewe. Mwanamke wa watu anasema tu kadi haijawekwa! Akanionyesha na pa kubonyeza kamera, na pa kufungulia buti kwa mkono betri ndogo ikifa. Nikampa kitu kidogo akakataa mara mbili, ya tatu akapokea. Dakika kumi zile zilikuwa na faida kuliko siku nzima ya yule mwenye tai.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Msiende. Au nendeni, gari zao kusema kweli ni safi, langu halijanisumbua hata siku moja, ila mkifika mpiteni wa mezani kama nguzo ya stima na mumtafute wa ndoo.

Kisanduku aliniambia chaweza kuchomolewa. Sijakichomoa. Mjukuu wangu ana miaka mitatu, yule mama akisema yake naye hujibu "Waalaykum salaam", sasa nitamnyamazisha vipi?

Yaliyobaki ni maswali. Mimi nakaa Likoni. Siku za bamvua, maji yakitoka sana, mlango wa feri unainama na bampa ya mbele inakwaruza. Sauti yake yanipasua moyo. Nimejaribu kuuingia kwa upande, makuli wakanipigia kelele nawazibia njia. Wenye gari za chini mnafanyaje? Mnazunguka Dongo Kundu kila maji yakitoka? Njia ni nzuri, ila kwa duka la saa mbili asubuhi ni safari. Na hii chumvi ya bahari: nikiliacha nje usiku, asubuhi diski za breki zina kutu ya rangi ya chungwa, nikiendesha kidogo yatoka. Chini ya gari nako, lipakwe dawa ya kutu sasa au ningoje mvua zipite?

Na ufunguo wa pili bado sina. Mwenye kumjua fundi wa kweli hapa Mombasa, wa kuutengeneza na kuutambulisha kwa gari, aniambie. Lakini fundi huyo azungumze na mimi. Bosi yuko Kongowea, anapakia abiria.