Ramani za mahandaki kwa Dungeons & Dragons: uzoefu wangu na za bure, za kulipia na za kuchapisha

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika wanaopenya mahandaki na kupambana na maadui. Kabla sijapakua ramani yoyote ya mahandaki hayo, nahesabu vyumba, kisha nahesabu njia zinazoviunganisha. Vyumba 14 na njia 13 ni mti mtupu: kila tawi linaishia ukutani, na wachezaji wakifika mwisho hawana la kufanya ila kurudi walikotoka. Njia zikiwa 16 kuna mizunguko 3 (njia toa vyumba, jumlisha 1), na hapo mchezo unanoga. Adui anaweza kuzunguka awatokee nyuma, nao wanaweza kumkwepa joka badala ya kupigana naye. Ramani ya ukubwa huo yenye mizunguko chini ya 2 siichukui, hata iwe na rangi za kumtoa nyoka pangoni.

Kwa kipimo hicho, mchoraji ninayemrudia zaidi ni Dyson Logos wa Kanada. Anachora kwa wino mweusi, na kuta zake huzizungushia vistari vifupi vilivyokatizana, mtindo unaoigwa sana siku hizi. Ramani zake ni mamia, na nyingi unapakua bila kulipa hata senti. Baadhi ameziruhusu hata kwa kazi za biashara, lakini ruhusa hiyo hutolewa ramani kwa ramani, kwa hiyo soma vizuri kabla hujauza chochote.

Ukichezea mtandaoni, mafaili yake makubwa yanahitaji kazi kidogo. Ramani ya miraba 32 kwa 42 iliyochorwa kwa pikseli 300 kila mraba ni pikseli 9,600 kwa 12,600. Kwa kuwa ni nyeusi na nyeupe, faili lenyewe linaweza kuwa jepesi, na watu hudanganyikia hapo. Kivinjari kikiifungua hutenga baiti 4 kwa kila pikseli, jumla karibu megabaiti 480 za kumbukumbu. Mchezaji aliyeingia kwa simu ataona skrini nyeupe na kulaumu bando. Ipunguze kwanza: pikseli 70 kwa mraba, kipimo cha kawaida cha Roll20 (tovuti inayotumika kama meza ya mtandaoni), inakupa picha ya 2,240 kwa 2,940, na mzigo unashuka hadi megabaiti 26 hivi. Foundry, meza nyingine ya aina hiyo, huanza na 100, ila inakubali namba nyingine ukiiandika kwenye mipangilio.

Namba hiyo ya pikseli kwa mraba ilingane kabisa na ya ramani yako. Ramani ikiwa na pambizo au jina pembeni, kata hadi mstari wa kwanza wa miraba, ndipo ugawe upana kwa idadi ya miraba. Ukipata 69 wakati meza ya mtandaoni imewekwa 70, mwanzoni huoni kitu, kwani kila mraba unakosea pikseli 1 tu. Ukifika mraba wa 42 kosa limekuwa pikseli 42, zaidi ya nusu ya mraba, na kete (alama ya mhusika kwenye ramani) inasimama ndani ya ukuta.

Kinachowaponza wengi zaidi ni futi. Ramani za mtindo wa zamani huchorwa mraba 1 kwa futi 10, ilhali kanuni za sasa humpa mhusika wa kawaida mraba wa futi 5. Chumba cha miraba 2 kwa 3 kwenye ramani ya zamani ni futi 20 kwa 30. Ukikisoma kwa futi 5 kinakuwa 10 kwa 15, nafasi ya kete 6. Weka humo wachezaji 4 na zimwi moja linalokalia miraba 4, tayari hawatoshi, na pambano zima linageuka foleni mlangoni. Dawa yake ni kupunguza picha hadi pikseli 140 kwa kila mraba uliochorwa, kisha meza iweke miraba yake ya 70 juu. Kila mraba wa ramani unazaa 4. Chukua toleo lisilo na miraba, la sivyo utaona mistari ya ramani na ya meza ikigombana. Ramani yetu ya 32 kwa 42 itapanda hadi megabaiti 105 hivi za kumbukumbu: kompyuta inaimudu, simu za bei nafuu zinaanza kuhema.

Nikihitaji kitu ndani ya dakika 2, naenda kwa Watabou, mtengenezaji wa programu zinazochora ramani zenyewe. One Page Dungeon yake inafanya kazi ndani ya kivinjari, na ukibonyeza Enter inakutolea mahandaki mapya yenye jina na vidokezo vya vyumba. Hifadhi kiungo cha kudumu cha ile uliyoipenda, maana ukibonyeza tena imekwenda zake. Zima maelezo kabla ya kutoa picha. Udhaifu wake ni kupenda ulinganifu: wachezaji wazoefu wakishaona upande wa kushoto wanakisia wa kulia. Mimi huziba mlango mmoja na kutoboa mwingine.

Kwa miji, Medieval Fantasy City Generator ya Watabou huyo huyo naiona bora kuliko hata ile ya mahandaki. Ukianzia kwa Azgaar's Fantasy Map Generator, inayochora dunia nzima na mipaka na tamaduni zake, unaweza kuufungua mji wowote humo ndani ya ile ya Watabou. Kazi ya Azgaar ihifadhi kama faili la .map kwenye diski. Nakala iliyobaki ndani ya kivinjari inafutika siku unaposafisha data zake.

Za kulipia nanunua chache, zile za rangi, kwa ajili ya pambano kuu. Uliza kwanza kama kuna toleo la wachezaji, lisiloonyesha siri. Pakiti moja niliyolipia, muuzaji simtaji, ilikuwa na herufi S juu ya kila mlango wa siri hata kwenye nakala ya wachezaji. Ni sawa na kucheza karata huku umezigeuza.

Kwa meza halisi, mraba ni inchi 1, yaani milimita 25.4. Kwa hesabu A4 inabeba miraba 8 kwa 11, lakini miraba 8 ni milimita 203 kati ya 210, na printa nyingi hazifiki ukingoni kiasi hicho. Panga 7 kwa 10. Ramani ya miraba 30 kwa 20 inakula karatasi 9 na gundi. Kwa hiyo napendelea steshenari zenye mashine ya kuchapisha michoro ya majengo: A1, milimita 594 kwa 841, inameza miraba 23 kwa 33, ramani nzima kipande kimoja. Nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ya kawaida inatosha. Kwa kuchapa, pikseli 70 kwa mraba zinatoa mistari yenye ukungu, 150 zinatosha. Peleka PDF yenye ukubwa halisi, mwambie anayechapa aweke asilimia 100 bila kuibana kwenye ukurasa, na ubebe rula. Miraba 10 lazima isome milimita 254. Ikisoma 246 usiipokee: kwenye miraba 30 kosa linafika milimita 24, karibu mraba mzima, na ukiiweka kando ya ramani iliyotoka sawasawa, korido hazitakutana.