Kliniki ya meno Magomeni: nilimpeleka mama, kaakaa jekundu chini ya meno ya bandia

Kama una mzazi anavaa meno ya bandia ya juu mwambie ayavue umwangalie kaakaa, leo leo. La mama lilikuwa jekundu kabisa, wekundu umefata umbo la yale meno mpaka mwisho wake unauona wazi, na hakuwa anaumwa hata kidogo ndo maana hakuwahi kusema. Duka la dawa walitupa GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, bila hata kumwambia afungue mdomo. Nikampeleka kliniki moja ndogo ya meno huku Magomeni na hii ndo rivyu yangu, nyota 4 kati ya 5.

Daktari ni kijana tu, kamwamkia mama shikamoo vizuri, kisha maswali. Mama una sukari? Unavuta dawa ya pumu? Umemeza antibayotiki karibuni? Unalala na meno? Tumbaku, kuberi, pombe? Sikujua ile dawa ya pumu ya kuvuta inaweza kuleta fangasi mdomoni usiposukutua maji baada ya kuitumia, kumbe. GV mama alikuwa hajaipaka na daktari akafurahi, maana ile zambarau ikishapakwa huwezi tena kuona rangi ya kidonda chenyewe.

Halafu sasa kilichonifanya niandike. Huyu kaka hakuishia pale penye wekundu. Kafuta kwa gozi, kile kitambaa cha hospitali, aone kama kuna utando unatoka, kamshika mama ncha ya ulimi akauvuta taratibu aangalie pembeni kushoto na kulia, chini ya ulimi, ndani ya mashavu, nyuma kule kwenye kaakaa laini, mwisho kapapasa shingo kutafuta matezi. Nikamuuliza mbona kwingine kote wakati tatizo liko juu, akasema baka jekundu ambalo halifutiki, halina sababu ya kueleweka na liko chini ya ulimi, pembeni mwa ulimi au kule nyuma, hasa kwa mtu wa tumbaku na pombe, hilo ndo analoliogopa kuliko hata baka jeupe, kwa sababu mengi yakikatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara yanakutwa ni kansa tayari au yako njiani, na mara nyingi hayaumi. Yaani kutokuuma siyo dalili nzuri wala mbaya, haikuambii kitu.

Ya mama ikawa ni fangasi wa chini ya meno ya bandia, wale fangasi watu wengi tunaishi nao mdomoni bila shida, ila ukilala na meno mate hayafiki pale wanazaliana, na meno yenyewe yalishalegea yanasugua. Akapewa nistatini ya maji, mara 4 kwa siku, unavua meno kwanza unaikalisha mdomoni kabla ya kumeza. Kuna jeli ya mikonazoli pia lakini kabla ya kuitaja aliuliza kama mama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maana zikikutana damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, hapo nikamkubali kwakweli. Usiku meno yanavuliwa, yanasuguliwa kwa brashi na sabuni, yanalala kwenye maji. Na akasisitiza turudi baada ya wiki 2, kama wekundu bado upo atakata kipande kipimwe maabara, hataongeza dawa tu. Tuliporudi kaakaa limerudi rangi yake, bado kutengeneza meno mapya.

Nilimuonyesha na picha ya ulimi wa mwanangu, una mabaka mekundu yenye mpaka mweupe na yanahama hama, akasema hayo hayana madhara niache kumpaka paka dawa. Hakunitoza kwa hilo swali.

Nyota niliyokata ni ya mapokezi. Tulikaa sana kwenye benchi muda wetu umeshapita na hakuna aliyetuambia kitu, mtu mzima ana njaa. Bei ya meno mapya kaunta hawaijui mpaka umsubiri daktari tena, na maelekezo ya dawa ni ya mdomo tu, niliandika mwenyewe kwenye simu.

Ukienda nenda asubuhi, beba yale meno hata kama mzazi hayavai tena, beba dawa zake zote kwenye mfuko na asipake chochote mdomoni kabla hajaonwa.