Rufani ya papo hapo au kungoja hukumu?

Jaji wa Lubumbashi anapokataa, katikati ya kesi ya jinai, kumwita shahidi aliyeombwa na utetezi, wakili hujiuliza ni lipi lenye haki zaidi: sheria imruhusu kupanda mahakama ya juu mara moja, au imtake alalamikie uamuzi huo pamoja na hukumu ya mwisho.

Rufani ya papo hapo ina mvuto wake, kwa kuwa kosa hurekebishwa kabla halijazaa jingine. Lakini jalada likishapelekwa juu kesi husimama, mashahidi huhama, na mshtakiwa aliyefungiwa katika gereza la Kasapa huendelea kukaa ndani bila hukumu. Tanzania, kwa marekebisho ya 2002, ilizuia rufani na marejeo (maombi ya kutaka mahakama ya juu iupitie uamuzi) katika Mahakama ya Rufani dhidi ya maamuzi ya aina hii, isipokuwa yanayomaliza shtaka lenyewe. India ilifunga marejeo dhidi ya maamuzi kama hayo tangu 1973, ingawa mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya huko ilikubali kwamba Mahakama Kuu zinaweza kuingilia pale mwenendo wa kesi unapotumiwa vibaya.

Mimi naegemea kungoja, ila si katika kila jambo. Ushahidi uliopokelewa kimakosa unaweza kutupwa baadaye na mahakama ya rufani. Siku za mahabusu hazirudishwi na hukumu yoyote. Kwa hiyo naona sheria ya Kongo ya mwenendo wa jinai, ya 1959, ilifanya vema kuruhusu maamuzi ya kizuizi cha muda, yaani kumweka mtu mahabusu kabla ya hukumu, yakatiwe rufani ndani ya saa 24.