Kofia Nyekundu: vitabu vitatu vya picha, kipi kinafaa kusomea watoto

Vyote vitatu nimevisomea watoto wa miaka minne hadi saba hapa Mbeya kwa muhula mzima. Hadithi ni ileile ya binti, bibi mgonjwa na mbwa mwitu aliyejifunika shuka. Bei zinatofautiana, ila si bei iliyoamua.

Chenye jalada gumu nakipa nyota tano, na zaidi ni kwa sababu ya ukurasa mmoja. Hadithi hii inasimama kwenye yale maswali: Bibi, mbona masikio yako makubwa hivyo? Ili nikusikie vizuri, mjukuu wangu. Humu swali la meno limekaa chini kabisa ya ukurasa wa kulia, na jibu hulioni mpaka ufunue. Unanyamaza kidogo, watoto wanasogea, ndipo unafunua na mdomo umejaa kurasa mbili nzima. Cha pili kimebana maswali yote pamoja na mnyama anavyoruka kwenye ukurasa mmoja. Mtoto anaona meno wakati wewe bado uko kwenye macho. Hata ungekuwa fundi wa kubadilisha sauti, hapo imekula kwako.

Hicho cha pili kina kosa lingine, nalo ni mwisho wake. Perrault, Mfaransa aliyeichapisha mwaka 1697, anaishia binti ameliwa, basi. Ndugu Grimm wa Ujerumani, 1812, wana mwindaji anayepasua tumbo kwa mkasi, kisha mawe yanajazwa humo na mbwa mwitu anakufa. Kitabu hiki kimeogopa njia zote mbili: bibi anatoka kabatini, mnyama anakimbilia porini. Swali linalofuata kila mara ni "Atarudi lini?" Nyota mbili.

Cha tatu kimehamishiwa huku kwetu: migomba, nyumba ya matofali ya kuchoma, na kwenye kikapu ndizi mbivu na maziwa badala ya keki na divai za akina Grimm. Nimekipenda. Tatizo ni mbwa mwitu. Mchoraji kachora yule wa kwetu, wa mbuga ya Ruaha, masikio duara, mwili wa mabaka meusi, meupe na ya njano, wakati maandishi bado yanasema "manyoya yake ya kijivu". Aliyetafsiri na aliyechora hawakuonana. Watoto wanalidaka kosa hilo papo hapo, na usomaji unageuka mabishano. (Kwa swali la masikio, lakini, huyu wa Ruaha anafaa kuliko wa Ulaya.) Nyota tatu na nusu.

Sasa uimara. Cha pili kimebandikwa kwa gundi mgongoni. Baridi ya Juni na Julai inaikakamaza, ukikifungua mpaka kilale kinapasuka na kurasa za katikati zinachomoka. Usikitoboe pembeni ukashona, maana picha zilizovuka kurasa mbili zitamezwa na mshono.

Cha tatu kina pini mbili kwenye mkunjo. Kwa unyevu wa masika, hasa upande wa Tukuyu, zinashika kutu na kuchora alama ya kahawia kwenye karatasi. Zing'oe mapema kwa kisu butu, chagua tundu moja la kila pini na utoboe la tatu katikati yake, kisha shona kwa uzi wa nailoni wa fundi viatu, kama sentimita 80 kwa kitabu cha A4. Anza ndani, toka tundu la kati. Ingia la juu. Kwa ndani ruka la kati, toka la chini. Rudi uingie la kati, funga fundo. Kaza kwa kuvuta uzi kufuata mkunjo. Ukiuvuta kuelekea kwako unachana karatasi.

Cha jalada gumu hakijahitaji lolote, isipokuwa plastiki ya jalada imeanza kubanduka kwenye kona. Paka gundi nyeupe kidogo kwa njiti ya kiberiti, kisha kilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja.