Kipimajoto cha Jikoni cha Shilingi 22,000: Nimekipikia Karameli ya Korosho Mara Sita

Habari zenu, karibuni tena jikoni. Hiki nilichoshika ni kipimajoto cha kuchomeka, kile chenye sindano ndefu na kioo kidogo cha namba juu. Nimekinunua Kariakoo kwa shilingi 22,000, hela yangu mwenyewe, na kwa wiki tatu nimekipikia pipi za karameli na korosho zilizovishwa chokoleti. Mara sita nzima, watoto wa nyumbani na mama mkwe ndio waonjaji.

Mimi nimekulia kwenye kashata. Bibi alikuwa anadondosha shira kwenye kikombe cha maji baridi, anaibinya kwa vidole viwili, anajua imefika au bado. Kwa kashata inatosha kabisa. Lakini karameli ya kutafuna inataka uangalifu zaidi: ukiitoa motoni kwenye nyuzi 112 inatambaa, haishiki umbo; ukiiacha ifike 130 inakuwa ya kumung'unya, jino haliingii. Ninayoitafuta ni 119, na kutoka 112 hadi 119 ni dakika chache tu.

Tazameni sufuria. Nimeweka sukari gramu 200 na maji robo kikombe, moto wa wastani, sikorogi. Ikishakuwa rangi ya asali naizima, namimina krimu ya moto mililita 150 kidogo kidogo. Mnaona inavyofura? Ndiyo maana sufuria iwe kubwa na watoto wakae mbali, maana sukari ya moto ikikuangukia inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Kisha siagi gramu 60, chumvi kidogo, inarudi motoni. Nimejaribu pia tui zito la kwanza badala ya krimu, na nawaambia kweli, kwa korosho tui limenivutia zaidi. Linaacha harufu ya nazi nyuma kabisa ya utamu.

Sasa kipimajoto. Siku ya kwanza nilifuata namba kama ilivyo, nikatoa kwenye 119, karameli ikatoka ngumu kuliko nilivyotaka. Nikachemsha maji matupu, yakatokota vizuri, nikachomeka sindano: 98. Hapa Dar es Salaam, usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye 100. Kwa hiyo chombo kinasoma pungufu nyuzi mbili. Kwa bei hii sishangai, ila kwenye boksi hakuna neno lolote la kukuambia upime kwanza, na hilo limeniudhi, kwa sababu mtu anaweza kuharibu sukari, siagi na krimu akadhani kosa ni lake.

Dawa yake ni hii, na ndiyo niliyotaka muondoke nayo leo. Chemsha maji, soma namba, ongeza 19. Basi. Mimi yanasoma 98, natoa karameli kwenye 117. Dada yangu yuko Mbeya, juu kule mita kama 1,700, maji yanachemka karibu 94. Yeye anatoa kwenye 113. Alikuwa akinipigia simu kila mara kuwa yake inakauka, kumbe kwenye mwinuko maji yanaruka mapema, ukingoja 119 umeshayamaliza. Mlio Nairobi, Arusha, Iringa, hili linawahusu moja kwa moja.

Dosari ya pili: kinajizima baada ya dakika 10. Mara mbili kimejizima karameli ikiwa kwenye 110, nikatafuta kitufe huku mkono uko juu ya mvuke. Na hakina kibanio cha kushika ukingo wa sufuria, unakishikilia mwenyewe. Namba inatulia baada ya kama sekunde sita, inavumilika. Kuhusu ile bunduki ya kupima joto kwa mbali, msinunue kwa kazi hii; inasoma uso wa povu tu.

Korosho nazikaanga kwanza kwenye kikaango kikavu mpaka zitoe harufu, kisha navunjavunja. Wenye watoto chini ya miaka mitano, ziponde kabisa, njugu nzima humkaba mtoto.

Chokoleti ndiyo iliyonifanya nikipende kifaa hiki. Soma nyuma ya paketi. Ikiandikwa mafuta ya mawese au ya mbegu za mawese badala ya siagi ya kakao, iyeyushe uvishe, haina masharti, lakini mdomoni inaacha ukungu wa mafuta. Nimetumia nyeusi ya kakao ya Kyela, siagi yake ya kakao imo. Hii ina utaratibu: iyeyuke hadi 45, ipoe hadi 27 ukiikoroga, ipandishe tena hadi 31, ndipo uvishe. Namba hizi ni za chini, na changu kinakosea kidogo tu huku. Nimelinganisha na kipimajoto cha homa. Ukiruka hatua hizo, kesho yake inatoka madoa meupe. Si uozo, ni mafuta yamepanda juu, lakini pipi inakuwa haivutii. Na tone moja la maji likiingia bakulini, chokoleti inajifunga kama udongo. Fanyeni usiku, mchana wa Dar chumba chenyewe kiko 31 na haitapoa.

Je, ninunue? Kwa anayepika karameli hata mara moja kwa mwezi, ndiyo, hata kwa dosari zake, kabla hujafikiria vibati vya silikoni vya maumbo ya moyo. Mimi namwaga kwenye trei yenye karatasi iliyopakwa siagi, nakata kwa kisu. Ila ukipata chenye kibanio na kisichojizima, ongeza hela uchukue hicho.

Hizi ni za jana usiku. Navunja moja karibu na maikrofoni, sikilizeni chokoleti inavyokatika… tak. Na ndani, oneni, karameli inavutika, haidondoki. Mama mkwe ameshachukua nne.