Judy at Carnegie Hall: tafuta toleo lenye maongezi yake

Wanaoniuliza waanzie wapi na Judy Garland, mwimbaji na mwigizaji wa sinema wa Marekani, nawajibu hivi: waanze na albamu hii, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, usiku wa Aprili 23, 1961. Mikusanyo ya nyimbo za sinema zake waiache kwanza. Mule utamsikia binti wa studio, sauti tamu, kila kitu kimepimwa na kukatwa. Huku yuko mwimbaji mwenyewe, ana miaka 38, na ukumbi mzima uko mikononi mwake.

Mimi nafundisha kwaya, kwa hiyo sikio langu hukimbilia pumzi kabla ya maneno. Sikiliza The Man That Got Away. Anaanza chini kabisa, kule ambako waimbaji wangu wa sauti ya pili huanza kuguna badala ya kuimba, lakini yeye kila silabi inasikika. Kisha anapanda taratibu, okestra ya Mort Lindsey ikipanda naye, na anapofika juu hapigi kelele. Anafungua kifua tu. Unasikia hata pale anapovuta hewa kabla ya mstari mrefu, na hiyo hewa nayo ni sehemu ya wimbo. Wanakwaya wangu nimewarudishia kipande hicho mara nyingi mno.

Ujuzi huo haukuja bure. Alipandishwa jukwaani kabla hajatimiza miaka mitatu, katika ukumbi wa wazazi wake huko Grand Rapids, Minnesota, akaendelea kuimba na dada zake wawili. Ana miaka 13, studio ya sinema ya MGM wakamsajili. Akiwa na 16 akaigiza Dorothy katika sinema ya The Wizard of Oz, na wengi wakamfungia humo maisha yake yote. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba studioni walipewa vidonge vya kuwakesha kazini, kisha vingine vya kuwalaza. MGM waliachana naye mwaka 1950. Mwishoni mwa 1959 alilazwa kwa ugonjwa wa ini, hali mbaya kiasi kwamba madaktari hawakutegemea arudi jukwaani. Usiku huu wa Carnegie Hall ni mwaka mmoja na nusu hivi tu baadaye.

Kipande ninachokipenda kuliko vyote ni You Go to My Head. Katikati anasahau maneno. Mwingine angesimama, au angeimba kwa kunong'ona mpaka kipite. Yeye anatunga maneno hapohapo, mapigo hayayumbi hata kidogo, na watu wanacheka pamoja naye. Hapo ndipo utoto ule wa jukwaani unapoonekana. Na watazamaji wale! Mwenye kuzoea taarab atawaelewa mara moja: wanamwitikia, wanamdai nyimbo kwa majina, naye anawaahidi kuimba zote hata wakeshe.

Lipo linalonikera, na sitalificha. Swanee na Rock-a-Bye Your Baby zilipata umaarufu kupitia mwimbaji Al Jolson, aliyekuwa akijipaka uso mweusi ili kuigiza watu weusi, na MGM walimpaka hivyo Judy mwenyewe akiwa bado msichana. Anaziimba kwa nguvu za ajabu, lakini mimi nikifika hapo huruka. Anayenunua ajue hivyo mapema.

Albamu ilikaa wiki 13 kileleni mwa chati ya Billboard, na mwaka 1962 ikampa Grammy ya Albamu ya Mwaka, mwanamke wa kwanza kuipata. Sifa hizo zinajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba santuri ya 1961 ilipunguza maongezi yake kati ya wimbo na wimbo. Toleo la CD mbili la 2001 limeyarudisha, na hilo ndilo la kutafuta, maana hadithi zake ndizo zinazompa nafasi ya kupumua. Ukizisikia unaelewa jinsi alivyomudu nyimbo zote zile kwa usiku mmoja.

Over the Rainbow iko karibu na mwisho. Usiirukie. Isikilize baada ya zote zilizoitangulia, sauti ikiwa imekwaruzika kidogo, ndipo utajua kwa nini mimi siwezi tena kuusikiliza ule wa The Wizard of Oz, wa 1939, peke yake.